Fundi na Ziwa Lisilo Letu

Fundi alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mengine yote, nalo ni "toa". Ukimwonyesha mchoro wako wa kilima, anaukodolea macho juu ya miwani, kisha anasema, "Toa ile miti." Unatoa miti. "Toa uzio." Unatoa uzio. "Na ule mutu anafanya nini pale? Toa." Unamtoa maskini wa watu, na unabaki na kilima kitupu chenye upande wa jua na upande wa kivuli. Hapo ndipo Fundi anakohoa kidogo, na kukohoa kwake ndiko kuridhika kwake. Nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu "ongeza".

Sitasema alizaliwa wapi hasa wala ukoo wake ni upi, kwa sababu mwenyewe aliyachukia maswali hayo. Alitoka upande wa Kivu, kama Wakongo wengi wa hapa Stockholm, na hilo linatosha. Aliishi Hallunda, karibu na mwisho wa laini nyekundu ya treni, na karakana yake ilikuwa kwenye chumba cha chini ya ghorofa huko Hjulsta, mwisho wa laini ya buluu. Kila alipotaka kushika rangi ilimbidi auvuke mji mzima kwa treni ya chini ya ardhi, abadilishe katikati, apande ngazi, ashuke ngazi, na alilalamikia safari hiyo kila siku ya Mungu. Halafu ikatokea nafasi ya chumba kama hicho hukohuko Hallunda, hatua chache kutoka mlangoni pake. Akaikataa. Alisema taa zake ni mbaya. Mimi nilikwenda kuziangalia hizo taa, na zilikuwa taa zilezile.

Nilifika kwake nikiwa nimechoka. Sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, asubuhi mtaa huu, jioni mtaa ule, na siku moja nilisimama katikati ya ngazi za jengo nikashindwa kukumbuka kama nilikuwa napanda au nashuka. Daktari akaniandikia likizo ya ugonjwa. Nilipompigia simu mama yangu Nakuru kumweleza kwamba Sweden uchovu ni ugonjwa, una jina na una likizo yake, aliniuliza, "Sasa si ulale?"

Sikuweza kulala wala kukaa. Dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye akaniambia kuna mzee Mkongo anafundisha watu kuchapa mabango, hatozi kitu, ila anafoka. Nikaenda. Nilimkuta amevaa aproni iliyokauka rangi mpaka imekakamaa, madirisha yote yako wazi na nje ni Novemba, kwa sababu ya harufu ya wino.

"Unatoka wapi, mama?" akaniuliza.

"Kenya."

"Bakenya banasema sana. Huku hatuseme. Kamata karatasi."

Mabango yenyewe yalikuwa yale ya kuwaita watalii, kwa mtindo wa zamani, wa enzi za treni za moshi. Rangi chache zilizolala bapa, mlima mkubwa, maji, anga, ukingo mweupe pande zote, na chini jina la mahali kwa herufi nene. Waswidi wanayapenda mno. Wanayatundika kwenye nyumba zao za kiangazi, wengine wanayatundika chooni. Kabla ya kustaafu, Fundi alikuwa ameajiriwa katika karakana moja mjini iliyotengeneza mabango hayo, na kazi yake ilikuwa kuchora mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alps, fukwe za Italia, visiwa vya Uskochi, vyote alivijua kwa picha alizoletewa na mteja. Anachora, anarahisisha, halafu anachapa kwa wavu, wino ukisukumwa kupitia kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, rangi moja baada ya nyingine, kuanzia ile nyepesi hadi ile nzito, na kila moja lazima ikauke kabla ya mwenzake kuja. Ukikosea kidogo tu kwenye rangi ya mwisho, umeharibu zote zilizotangulia. Niliwahi kumwona mwanamume mzima, dereva wa lori kutoka Burundi, akilia kwa sababu hiyo.

Sasa mtu huyu wa kutoa, nyumbani kwake hakutoa kitu. Nyumba yake ya Hallunda ilijaa chupa za jemu zilizooshwa, redio zilizokufa, mifuko ndani ya mifuko, na matangazo ya maduka ya vyakula ya miaka na miaka, yamepangwa kwa mirundo na kufungwa kamba. Ukitaka kuketi, lazima kwanza uhamishe kitu, naye anakufuata nyuma kuangalia umekiweka wapi. Siku moja nilimwambia, "Fundi, na hapa nako tutoe kidogo." Akaniangalia kwa uchungu wa kweli. "Ivi ni vitu, mama," akasema. "Haiko dessin, haiko mchoro."

Watoto walimwogopa lakini hawakumwacha. Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa Fisksätra, kwenye ukumbi tulioazimwa Jumapili alasiri, na tulikuwa mchanganyiko, Wakongo wengi, Warundi kiasi, Wakenya wachache, na Mtanzania mmoja aliyeongoza kwaya na kutusahihisha Kiswahili sisi sote. Watoto wetu ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiswidi. Sisi wazazi tumezoea, tumechoka, tunaacha. Fundi hakuacha. Mtoto akimjibu Kiswidi, yeye anamjibu Kifaransa, tena kirefu, chenye adabu zote za shule za zamani, mpaka mtoto anakimbia kwa mama yake kuuliza huyu babu anasemaje. Mara nyingine mama naye hajui.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Kama kuna kitu watu wote walikubaliana juu yake ni kwamba Fundi hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Bibi harusi alimwonyesha kitenge alichochagua kwa ajili ya wasimamizi, akamwambia kinafaa pazia. Mchungaji alimaliza mahubiri yaliyotuchosha sote, akaja kutusalimia kwa mkono mlangoni, na Fundi akamwambia bila kupunguza sauti, "Pasta, mahubiri yako ilikuwa na mwisho tatu. Ungechagua moya." Bango langu la kwanza, la mlima Longonot nilioukumbuka kwa taabu, alilishika, akaligeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii ni ya mutu mwenye anatafuta kulala." Niliudhika sana. Nikaenda nyumbani nikalala, na ilikuwa mara ya kwanza kulala usiku mzima baada ya muda mrefu.

Ndiyo maana nilishindwa kuelewa habari ya lile ziwa.

Bango bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza lilikuwa la bwawa moja huko Wales. Hii ni hukumu yake mwenyewe na mimi nakubaliana nayo. Vilima vya kijani vinaanguka ghafla hadi kwenye maji, kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kimefifia karibu kulingana na anga. Maji yana buluu mbili tu. Upande wa kushoto, ndani ya maji karibu na ukingo, kuna mnara mdogo wa mawe wenye paa lililochongoka. Juu anga ni njano hafifu, ile ya asubuhi kabla hujaamua kama kutanyesha. Liliagizwa na Mswidi mmoja aliyeoa Wales, alitaka kumpa mke wake zawadi. Picha aliyoleta, alisema Fundi, ilikuwa mbaya sana, mawingu matupu. "Nilitoa mawingu," akaniambia kwa majivuno ambayo hakujaribu kuyaficha.

Wakati anachora alisoma habari za mahali penyewe, akagundua kwamba si ziwa la Mungu. Lilikuwa bonde, watu wakijenga na kulima ndani yake, kisha likazibwa kwa ukuta ili mji ulio mbali upate maji ya kunywa. Kila alipolisimulia hilo alipandwa na hasira upya.

"Banatosha batu, banaweka maji, kisha banaita watalii!" Kwao kutosha ni kutoa.

"Na wewe ukachora," nikamwambia.

"Na mi nikachora." Akafikiri kidogo. "Nikachora bien, muzuri kabisa."

Sasa kati ya nakala zilizochapwa, moja iliharibika. Buluu ya pili iliteleza, maji yakapanda kidogo juu ya ukingo wa kilima. Mwenye karakana akasema itupwe, na nimeshasema habari ya Fundi na kutupa vitu. Akaibeba kwake. Ikakaa huko nyuma ya redio mpaka tulipopata ule ukumbi wa Fisksätra, ambao ukutani mbele, pale pale watu wote wanapotazama, ulikuwa na doa kubwa la unyevu. Wazee wa kanisa wakamwomba kitu cha kulifunika. Akaleta bwawa lake. Fremu iliyopatikana ilikuwa ndogo, ikafunika ukingo mweupe na jina la mahali, na kilichobaki kuonekana ni vilima, maji na ule mnara.

Jumapili iliyofuata akaingia Mama Furaha. Huyu alikuwa mjane wa kutoka vilima vya karibu na Bukavu, mama mzito mwenye magoti mabaya, aliyeishi hapo hapo Fisksätra na binti yake na mjukuu wake. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akainua uso, akashika mdomo kwa mikono yote miwili. "Ile si lac yetu?" akasema. "Ile si Kivu yetu?" Akaanza kulia, na wanawake wengine wakainuka kumshika, na walipoinuka wakaona na wao.

Tangu siku hiyo lilikuwa ziwa Kivu. Wanaume wa Bukavu walisimama mbele yake baada ya ibada na vikombe vya chai, wakibishana kama ni rasi ile au ghuba ile, na limeonwa kutoka barabara gani. Mnara walisema ulijengwa na wamisionari. Maharusi walipigwa picha hapo. Habari ya msiba ikija kutoka nyumbani, mishumaa iliwekwa chini yake, ile ya betri, kwa sababu ukumbi ule hauruhusu moto. Mama Furaha alikuwa na kiti chake, mstari wa pili, na alikuwa akimshika mjukuu wake mkono na kumwonyesha kwa kidole mahali kwenye kilima cha katikati. "Pale njo kwetu," anamwambia. "Pale juu ya ile kona." Msichana anaitikia kwa kichwa.

"Batu banalia mbele ya tangi ya maji ya kunywa," Fundi aliniambia tukiwa kwenye treni ya kurudi mjini, na hakucheka.

"Kwa nini huwaambii?"

"Nilisha baambia. Siku ya kwanza! Nilisimama pale, nikasema, mama, ile haiko Kivu, ile iko Wales. Akaniambia, 'Aksanti, Fundi, Mungu akubariki.'"

Alirudia kuwaambia mara moja au mbili, kwa sauti inayopungua, kisha akaacha. Nadhani alichoka tu. Mtu anaweza kuwa mkweli mpaka afike mahali ambapo watu hawauhitaji ukweli wake, na hapo hata yeye anaomba chai. Lakini jambo hilo lilimla. Karakanani alianza kulizungumzia kama jambo la ufundi. Alisema kosa ni la kazi yenyewe. Unaondoa nyumba, unaondoa nguzo za umeme, unaondoa watu na ng'ombe na barabara, unabakiza kilima na maji. "Ukitosha sana, mama, fasi zote, kila pahali, zinafanana," akasema, huku akikwangua wino uliokauka kwenye ukingo wa wavu. Siku hiyo hakumfokea mtu.

Wa kulifichua alikuwa yule mjukuu, na hakufanya kwa ubaya. Ni binti mzuri, anasomea uuguzi, ndiye anayempaka bibi yake dawa ya magoti kila jioni. Alilipiga bango picha kwa simu ili alitengenezee kadi ya siku ya kuzaliwa ya bibi, na simu, kama zilivyo simu za siku hizi, ikamwambia ni wapi. Tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada.

"Mormor, det här är ju Wales," akasema. Bibi yake hakuelewa, naye akajaribu kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika. "Bibi, hii si Kongo. Ni Wales. Iko Ulaya."

Watu walicheka kwanza. Kisha simu ikapita mkono kwa mkono, na kicheko kikaisha njiani. Mama Furaha hakuiangalia simu, wala hakumwangalia mjukuu. Alimtafuta Fundi kwa macho mpaka akampata, karibu na meza ya vikombe.

"Fundi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Ju ya nini haukusema?"

"Nilisema."

"Haukusema na nguvu," akamwambia.

Fundi, ambaye alikuwa na jibu kwa mchungaji na kwa bibi harusi na kwangu, aliweka kikombe chake mezani, akakichukua tena. Alisimama pale na kikombe, na mimi nilimwonea huruma na nikamwonea hasira kwa wakati mmoja.

Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mmoja akasema picha ya uongo haikai nyumba ya Bwana. Mwingine akasema Wales nayo aliiumba Bwana. Wa kwanza akamkumbusha kwamba hilo bwawa, kwa maelezo ya Fundi mwenyewe, waliliumba mainjinia. Wakazunguka hapo mpaka mwenye ukumbi akaja kuzima taa. Mwishowe bango likashushwa, doa la unyevu likarudi mahali pake, na Jumapili iliyofuata kiti cha mstari wa pili kilikuwa kitupu. Na iliyofuata. Binti yake akasema mama haumwi, anakaa tu jikoni akitazama maegesho ya magari. Amesema hawezi kuja kuomba mbele ya doa.

Fundi akatoa ahadi mbele ya wote. Atamchorea Mama Furaha Kivu, ya kweli, bango kamili, na akilileta, mama atarudi. Nilikuwepo. Alisema kama mtu anayekwenda dukani kununua mkate.

Watu wakamtumia picha kwenye simu, chungu nzima, kutoka kwa ndugu walioko huko. Alizikataa. Vilima vimejaa nyumba hadi kileleni, akasema, mabati matupu, hii haiko ile yetu. Walimpelekea Mama Furaha zilezile na yeye akasema, sijue hizi nyumba ni za nani. Kwa hiyo Fundi akaamua kuchora kwa kichwa. Wiki zikapita. Wino ulikuwa mbaya. Jicho lilikuwa linamsumbua. Treni zilichelewa. Mimi nilikuwa nimerudi kazini kwa nusu siku, na nilipopita Hjulsta nilimkuta ameketi tu, madirisha yamefungwa, wanafunzi wanajichorea miti na uzio wapendavyo. Halafu akaacha kabisa kuja Hjulsta. Alisema sasa anafanyia kazi nyumbani, mambo ya taa.

Majira ya kiangazi yaliyofuata, wakati mji umehama na wenyewe wako kwenye nyumba zao za mabango, Fundi alifariki. Kwa hiyo siku ninayotaka kuieleza sasa ndiyo naihesabu kuwa ya mwisho, ingawa nilimwona tena kwa harakaharaka mara kadhaa.

Ilikuwa mwisho wa Februari ya mwaka huohuo, barafu inayeyuka na kokoto wanazomwaga njiani ili watu wasiteleze zinaingia viatuni. Mama Furaha alinipigia simu mwenyewe. "Dada, unipeleke kwa Fundi," akasema. Nilidhani amechoka kungoja na anataka kumsema. Nilikuwa na siku yangu ya mapumziko na sikutaka kwenda popote, nasema ukweli, nilitaka kulala. Lakini huwezi kumwambia mama wa umri ule kwamba unataka kulala. Tukaenda, treni, basi, treni tena, nimemshika mkono kwenye kila ngazi, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama tumefika.

Fundi alifungua mlango akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amekonda. Alihamisha chupa, akahamisha redio, akamwekea mama kiti karibu na dirisha, na hakuangalia vitu vyake vimewekwa wapi. Mezani na ukutani na juu ya mirundo ya matangazo kulikuwa na karatasi. Mama Furaha alizitazama moja moja bila kuinuka. Mimi nilizitazama kwa macho ya mwanafunzi wake, na zote zilikuwa vilima vilevile, mteremko uleule, nafasi ileile ya maji. Zote zilikuwa Wales.

"Unaona, mama," Fundi akasema. "Minaanza Kivu, mukono inaenda kule. Kila mara. Sina uwezo." Akavuta kigoda akaketi mbele yake, chini kidogo kuliko yeye. "Unisaidie. Kule kwenu, ukisimama mu mulango, ulikuwa unaona nini? Kushoto kulikuwa nini?"

Mama Furaha alifungua mdomo. Mkono wake wa kushoto uliinuka kuonyesha, ukabaki hewani.

"Kushoto..." akasema.

Chini, nje, mtu alikuwa anakwangua kioo cha gari.

"Sijue," akasema. Mkono ukashuka. "Nilisha sahau, Fundi. Siku mingi. Nilikuwa natazama yako, minasema njo yetu, njo yetu, ju nisijue kama nilisha sahau. Hauna kosa. Njo nilikuja kukuambia."

Nilijaribu haraka kuuona mlango wa mama yangu Nakuru, na kilicho kushoto kwake, nikapata geti na kipande cha ukuta na baada ya hapo hakuna kitu. Niliogopa. Nilitaka kutoka nje nipige simu.

Fundi alivua miwani. Bila miwani alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

"Na mi," akasema. "Na mi vile vile, mama."

Wakakaa hivyo, wale wawili, magoti yakikaribia kugusana, wamechoka wote. Mimi nikaenda jikoni kutafuta sufuria ya chai katikati ya chupa, kwa sababu sikujua nifanye nini. Nikiwa huko nilimsikia mama akisema, "Vilima wacha. Uchore maji tu. Maji minakumbuka."

"Maji ya saa gani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi wa zamani, kavu, ya kazini. "Maji haina rangi yake, mama. Inafuata saa."

"Ya siku tulitoka."

Niliporudi na chai alikuwa amekwisha kufungua mikebe na anachanganya kwenye sahani. Alichukua buluu nzito, akaitia kijivu, rangi ambayo mtu yeyote angemchagulia mama kwa siku kama hiyo, akapaka kidogo kwenye karatasi, akamwinulia.

"Hapana," mama akasema.

Akaongeza kijivu.

"Hapana, Fundi. Ilikuwa na mwangaza." Akaweka kikombe chini bila kunywa. "Ilikuwa mzuri. Ile siku lac ilikuwa mzuri kupita siku zote. Batu banakimbia, batoto banapotea, minatazama nyuma, na yee anang'aa tu. Anang'aa kama hakuna kitu. Hata leo sijamusamehe."

Fundi alisukuma kijivu pembeni. Akachukua sahani safi, akatia nyeupe, akatia buluu kidogo sana, na tone la njano, akapaka, akainua. Mama akatikisa kichwa. Akatia nyeupe zaidi. Alifanya hivyo bila kuuliza na bila kuharakisha, sahani baada ya sahani, mpaka mama akauweka mkono wake juu ya mkono wa Fundi kuuzuia.

"Njo ile," akasema, akageuza uso wake dirishani.